Fungate kwa Sahani ya Rupia 40



Msimu wa harusi umefika, na kama kawaida mabi harusi watarajiwa wananiuliza suali lile lile: fungate twende wapi? Mmoja keshapiga hesabu ya hoteli ya Nungwi. Mwengine anataka Dubai. Mwengine mchumba wake keshaanza kutafuta mkopo, na ndoa bado haijafungwa. Mimi huwajibu ukweli: fungate yangu niliipitisha Chennai, kusini mwa India, pamoja na mama mkwe wangu, na chakula kilichonishibisha kuliko vyote kilikuwa cha rupia 40.

Wanacheka. Wakishacheka nawahadithia, na leo nimeona nihadithie hapa, maana nina rai yangu. Tunawafunza mabi harusi wetu kuona aibu juu ya chakula rahisi: aibu ya kuonekana wanakila, na aibu ya mume kuonekana amewapeleka. Aibu hiyo inakula pesa zetu, na wakati mwengine inatuacha na njaa.

Wiki tatu baada ya ndoa, mama mkwe alipata barua ya kwenda India kutibiwa moyo. Safari hiyo Wazanzibari tunaijua. Wengi wetu tuna shangazi au mjomba aliyewahi kupelekwa Chennai. Mgonjwa lazima awe na mtu wa kumuuguza. Mume wangu hakupata ruhusa kazini, wifi zangu wawili wananyonyesha, na mwenye pasi iliyokuwa hai ni mimi, kwa sababu niliitengeneza kwa ajili ya fungate. Na zile pesa tulizojiwekea ndizo zilizokuwa pesa za kula na kulala. Nilikubali kwa mdomo mkunjufu. Usiku nililia, sisemi uongo.

Tulipanga chumba Triplicane, mtaa wa zamani usio mbali na ufukwe wa Marina. Watamil wenyewe wanauita Thiruvallikeni. Ni mtaa wa vichochoro na maduka madogo, ukipita unajibana kama uko Darajani siku ya kuamkia sikukuu. Mtaani humo humo mna hekalu kongwe la Parthasarathy na mna Msikiti wa Wallajah, ambao watu wanauita Msikiti Mkubwa, uliojengwa mwaka 1795 na ukoo wa Nawab Muhammad Ali Wallajah. Adhana tuliisikia chumbani. Hiyo pekee ilimtuliza mama.

Lakini kula ikawa mtihani. Wiki ya kwanza tuliishi kwa biskuti, ndizi na chai. Kulikuwa na mikahawa chini ya dirisha letu, minne kwa kuhesabu, lakini mama alisema neno moja: "Mimi mkahawani siingii, mwanangu. Mwanamke wa watu hali mbele za watu." Nilimuelewa. Yeye kakulia Mji Mkongwe wa zamani, ambako mkahawa ulikuwa wa wanaume na kahawa yao na bao lao. Mwanamke akitaka kitu humtuma mtoto na bakuli.

Siku ya nne nikaona mgonjwa wa moyo hawezi kuishi kwa biskuti. Nikampeleka hoteli kubwa karibu na hospitali, yenye pazia na kiyoyozi, nikidhani pazia litamsitiri. Tuliagiza kuku. Alipoletwa, mama akaniuliza nani kamchinja. Nilipomuuliza muhudumu, hakunifahamu. Mama akasukuma sahani. Nililipa karibu rupia 1,400, kama shilingi 40,000 na zaidi za kwetu kwa wakati ule, na kuku akarudi jikoni mzima. Tukaenda kulala kwa biskuti.

Aliyetuokoa ni mama mmoja wa Kitamil, Muislamu mwenzetu, aliyekuwa akifagia ngazi za nyumba tuliyopanga. Aliona maganda ya biskuti kwenye taka kila siku. Asubuhi moja alimshika mama mkono, akamuonyesha chini, akapeleka vidole mdomoni. Tukamfuata kwenye mkahawa mmoja wapo wa ile minne. Akatuonyesha kibao mlangoni: hapa nyama haipikwi kabisa. Akatuketisha kwenye meza ya pembeni, akaenda zake kazini.

Zikaja sahani mbili za chuma. Kila moja ina idli mbili nyeupe, laini, za duara kama vitumbua lakini hazina mafuta wala sukari. Kibakuli cha mchuzi wa dengu unaoitwa sambar. Na chatne ya nazi. Mama aliinama akanusa mchuzi, akanitazama macho yamemtoka. "Mwanangu, hii mvuje!"

Na kweli ilikuwa mvuje. Ile ile tunayowafunga watoto wachanga kwetu wasipatwe na jicho, wenzetu wanatia kwenye chungu, chembe ndogo tu, kwa ladha na kwa kupunguza gesi ya dengu. Mama alicheka mpaka akashika kifua nikaogopa. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu uwanja wa ndege. Kisha akaonja. Akakuta ukwaju. Akakuta vipande virefu vya kijani, akavitafuna, akasema: "Hii mironge!" Kwetu tunakula majani ya mronge, wao wanapika na maganda yake marefu mabichi. Akakuta haradali na majani ya mchuzi yaliyokaangwa. Alikuwa maelfu ya maili kutoka nyumbani, na ulimi wake ulijua kila kitu kilichomo isipokuwa jina.

Bili ya sahani moja ilikuwa rupia 40. Shilingi 1,200 hivi.

Sasa niseme kwa nini chakula hiki ni rahisi, maana watu wakisikia rahisi hudhani ni kibovu. Idli ni mchele na aina ya dengu nyeusi iliyomenywa, wanayoiita urad. Vinarowekwa mbali mbali, vinasagwa, vinachanganywa na kuachwa usiku kucha. Joto la kusini linauumua mchanganyiko wenyewe bila hamira. Asubuhi unamiminwa kwenye vikombe na kupikwa kwa mvuke. Uji huo huo mzito ukiutandaza mwembamba kwenye chuma cha moto unapata dosa, ambayo mpishi yeyote wa chila atamjua ndugu yake akimuona. Ukiuacha mnene na kuutia kitunguu na pilipili unapata uttapam. Ndoo moja inatoa vyakula vitatu. Nyama hakuna, friji la nyama hakuna, na mafuta ni kidogo. Mchele na jamii ya kunde vinakamilishana kwa kuujenga mwili, kwa hiyo maskini anakula cha bei ndogo na hakosi nguvu.

Tamil Nadu wamelichukua jambo hili kwa uzito. Mwaka 2013 serikali ya Jayalalithaa ilifungua Chennai migahawa ya umma iitwayo Amma Unavagam. Idli moja iliuzwa rupia 1, na sahani ya wali wa sambar rupia 5. Wanaopika na kuhudumu ni wanawake wa vikundi vya mitaani. Anakula mbeba mizigo, anakula karani, anakula mwanafunzi, na hakuna anayejificha.

Nakuja kwenye dini, kwa sababu najua hapo ndipo mnaponisubiri. Je, tunaruhusiwa kula chakula cha Wahindu wasio Waislamu? Nilivyofunzwa mimi na masheikh wetu, tatizo kubwa ni nyama, kwa kuwa nyama ina sharti la kuchinjwa. Mchele, dengu, mboga, nazi na maziwa asili yake ni halali, hata mpishi akiwa si Muislamu, maadamu havikuchanganywa na najisi wala kileo. Ndiyo maana mkahawa usiopika nyama ni mwepesi zaidi kwa Muislamu kuliko ile hoteli yangu ya kuku na pazia. Tahadhari moja: chakula kilichotolewa hekaluni kama sadaka kwa miungu yao, hicho hatukili, na ukipewa unaweza kukataa kwa upole. Mwenye shaka zaidi na amuulize mwanachuoni wake.

Hata kwenye biskuti kuna msaada. Vyakula vya paketi India vinawekwa alama: kidoto cha kijani ndani ya mraba maana yake hamna kitu cha mnyama isipokuwa maziwa na vitokanavyo. Hapo umeshaepukana na mafuta ya nguruwe na jelatini. Alama haisemi chochote juu ya kileo, kwa hiyo keki na chokoleti soma vizuri.

Na msidhani Waislamu wa huko wanajitenga na chakula hiki. Waislamu wa Kitamil wanakula idli asubuhi kama majirani zao, na Ramadhani wanafuturu kwa nombu kanji, uji wa mchele na dengu unaopikwa misikitini. Katika Msikiti wa Wallajah, kwa miaka mingi sasa, wanaojitolea kuandaa na kugawa futari ni Wahindu wenye asili ya Sindh, na chakula chenyewe hakina nyama. Watu wanakula na wanaombeana dua.

Lililobaki basi si la halali na haramu. Ni aibu.

Siku ile mezani niligundua kitu juu yangu mwenyewe. Wiki tatu zote nilizokaa nyumbani kwa mama mkwe, sikuwahi kushiba. Bi harusi anafunzwa kutia vidole viwili vitatu kwenye sinia kisha aseme "alhamdulillah nimeshiba". Nilikuwa nalala na njaa ndani ya nyumba iliyojaa chakula, ili nionekane nina adabu. Na mama naye siku nne alikaa na njaa Chennai, ili aonekane ana heshima. Wanawake wawili wazima, kila mmoja anajificha njaa mbele ya mwenziwe.

Nilimaliza idli zangu mbili. Mama alinitazama, akamwita muhudumu kwa mkono, akaonyesha sahani yangu, akanyanyua vidole viwili. Zikaja nyengine. Akasema, "Kula, mwanangu. Nilikuwa nadhani hupendi chakula cha kwangu."

Dada zangu, sentensi ile ilinitoa machozi kuliko nasaha zote za somo wangu. Alikuwa amekaa na donge moyoni wiki tatu, akidhani nakidharau chakula chake. Tungeweza kukaa na donge lile miaka kumi.

Tokea siku ile tulikula pale kila siku kwa siku 41. Asubuhi idli. Mchana wali juu ya jani la mgomba, kwa sambar, mboga mbili na maziwa mgando ya kumalizia, wali ukiongezewa mpaka useme basi. Jioni mara nyengine idiyappam, ambayo mama aliiona akasema ni tambi, na akaila kwa tui la nazi na sukari kidogo kama anavyokula za kwetu. Daktari alimpangia chumvi na kiasi cha wali, na mpishi alimpunguzia chumvi bila kununa. Kwenye meza ile alinihadithia mwaka wake wa kwanza wa ndoa, muhogo na dagaa miezi mitatu mfululizo, na jinsi alivyokuwa akiwadanganya mashoga zake kuwa wamekula biriani. Alinifunza tabia za mwanawe, na lini nizungumze na lini ninyamaze. Aliniomba radhi kwa fungate yangu. Nilimwambia ndiyo hii.

Kuna watakaosema: wewe ulikuwa kwenye dharura, lakini bi harusi mzima mwenye mume mwenye kazi hapelekwi mkahawa wa mtaani, anashushwa thamani. Nawafahamu. Nami sisemi hoteli nzuri ni haramu. Mwenye nacho na ale, neema ya Mola inaonekana kwa mja wake. Ninachopinga ni mume kukopa ili mke apige picha ya kamba wakubwa, kisha mwezi wa pili wanagombania pesa za umeme. Qur'ani, katika Suratul A'raf, inatuamrisha kula na kunywa na inatukataza israfu katika aya moja, na mabi harusi wetu tunawasomea nusu yake tu. Na katika hadithi sahihi aliyoipokea Abu Hurayra tumeambiwa kuwa Mtume, rehma na amani zimshukie, hakuwahi kukitia ila chakula: akikipenda atakula, asipokipenda atakiacha. Hakutazama bei wala meza.

Wengine watasema: haya ni sehemu ya imani, na mwanamke kula hadharani kunaondosha haya. Haya ni sehemu ya imani, kweli. Lakini haya ni stara ya mwili, macho na ulimi. Mama alikaa pembeni na buibui lake, akala kwa mkono wa kulia, akasema bismillahi kwa sauti ndogo. Nini kilichopungua? Kuona aibu kwa sababu sahani ni ya chuma na meza haina kitambaa, hiyo si haya. Hicho ni kibri kilichojifunika mtandio.

Na nani aketi wapi kula si jambo dogo, hata wao wamelipigania. Mwaka 1957, Triplicane hiyo hiyo, Periyar E. V. Ramasamy na wafuasi wake walikuwa wakisimama mbele ya mkahawa mmoja kudai neno "Brahmin" liondolewe kwenye kibao chake, kwa sababu lilikuwa linatangaza utukufu wa tabaka moja juu ya wengine. Leo mwanamke wa Kizanzibari anaingia mtaa ule na hakuna anayemuuliza kabila lake wala ukoo wake. Itakuwa ajabu ajifungie mlango yeye mwenyewe.

Kwa dada atakayemuuguza mtu Chennai, au mabi harusi watakaobahatika kutembea kusini mwa India, nawaachia haya machache. Tafuteni mkahawa wa mtaani uliojaa watu wa hapo hapo, khasa asubuhi. Wateja wakiwa wengi chakula hakilali. Mikahawa mingi ina chumba cha kiyoyozi, na dosa ile ile humo inaongezwa bei, kwa hiyo ulizeni kabla ya kukaa. Sambar na chatne kwa kawaida mnaongezewa bure. Mgonjwa na anywe maji ya chupa iliyofungwa. Mkimaliza kula juu ya jani, likunjeni kuelekea kwenu, ndiyo adabu yao. Na kahawa yao ya maziwa inayokuja kwenye kikombe na kibakuli cha chuma, msiikose. Mama yangu aliruhusiwa nusu kikombe na aliinywa kama mtu anayenywa dawa ya uhai.

Na kwa walio hapa hapa kisiwani: kusini mwa India hakuko mbali tena. Tokea mwaka 2023 chuo cha IIT Madras kina tawi lake Zanzibar, na IIT Madras chimbuko lake ni Chennai hiyo hiyo. Huenda ukakutana na mwalimu au mwanafunzi wa huko sokoni, anatafuta mironge na ukwaju kama wewe. Msalimie. Naye ni mgeni anayetafuta cha kula.

Mama, alhamdulillah, amepata nafuu, anapanda ngazi mwenyewe. Ijumaa usiku anasaga mchele na dengu, anafunika bakuli kwa kanga, na joto letu linafanya kazi. Jumamosi asubuhi tunakaa jikoni, mimi, yeye na mume wangu. Hatujaenda Nungwi bado. Tukijaaliwa tutakwenda, kwa pesa zetu na si za mkopo, na mama keshasema tufunge idli za njiani.

Bi harusi wangu, kabla ya kulipia hoteli, mchukue mumeo siku moja mkale urojo mahali pa kawaida, kila mtu na bakuli lake, na ushibe mbele yake. Mengi mtajuana pale. Allah aziweke baraka ndoa zenu na riziki zenu. Amin.